Baba Mapacha na Kiti cha Tatu

Habari za kifo zilinikuta Pearland, hapa hapa Texas, jikoni kwa dada yangu, mikono imejaa unga wa chapati hadi kwenye viwiko. Simu ililia, na kwa kuwa mimi sikuweza kuishika, binti yangu akaipokea. Akasikiliza, kisha akaniangalia. "Ni Baba Mapacha," akasema. "Amefariki, Mama." Mtoto huyu ukimwambia lete maji hujibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo Kiswahili kilimtoka chenyewe, nikajua jambo limemfika moyoni. Marehemu alikuwa amelazwa siku nne tu kwa ugonjwa wa moyo. Juzi yake alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti akilalamika kwamba shuka za hospitali ile zimekunjwa na mtu asiye na adabu. Nilicheka na kulia kwa pamoja pale pale kwenye kibao cha chapati. Kisha nikamwachia dada yangu unga wake, tukaingia barabarani kurudi Lewisville, na njia nzima nilikuwa nikimwaza mtu ambaye, wacha niseme ukweli, urafiki wetu ulianza na hasira zangu.

Alikuwa Mrundi, jirani yetu wa ghorofa ya chini, na alikuwa amekaa kambini Tanzania miaka mingi hata Kiswahili chake kikanyooka kuliko changu cha Nakuru. Kazi yake ilikuwa udobi katika hoteli moja kule Irving, karibu na uwanja wa ndege. Alijivunia jambo moja duniani baada ya watoto wake: aliweza kukunja peke yake shuka ya kitanda yenye mpira pembeni, ile ambayo mimi na wewe tukiachiwa tunaifinyanga tu na kuitupa kabatini. Aliikunja ikawa na kona nne kama kitabu. Aliwahi kutufundisha kina mama wa jengo zima, siku ya Jumapili baada ya misa, tukiwa tumesimama kwenye maegesho ya magari kila mmoja na shuka yake, na aliyepita aliona vituko. Mimi sikufuzu. "Dada mwandishi," aliniambia kwa upole mkubwa, "wewe endelea kuandika."

Sasa nirudi nyuma miaka mitatu, watoto wetu walipokuwa wakimaliza darasa la tano. Kuna shule moja ya umma huku kwetu, yenye maabara nzuri na walimu wanaosifiwa, ambayo waombaji wake ni wengi kuliko nafasi. Kwa hiyo kompyuta huchagua watoto kwa bahati nasibu, na waliokosa hupewa namba kwenye orodha ya kusubiri. Mtu akiacha nafasi, namba moja anaingia. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alipata namba hiyo hiyo. Namba moja! Nilitembea kwa madaha wiki nzima. Nani hajui kwamba kila mwaka familia mbili tatu huhama kabla shule hazijafunguliwa? Nilikuwa nimeshamwona mwanangu ndani ya koti jeupe la maabara.

Jumamosi ile nilikuwa kwenye ukumbi wa parokia, ambako hukaa na kuwasaidia majirani kujaza fomu, ingawa mimi mwenyewe si Mkatoliki. Baba Mapacha akaja, kofia mkononi, na bahasha ya karatasi. "Dada mwandishi, wamemchukua kurwa wakamwacha doto," akasema. Kwa wasiojua, kurwa ni pacha anayetangulia kuzaliwa, na doto ni yule anayemfuata. Mabinti zake mapacha waliomba shule ile ile. Mmoja amechaguliwa, mwenzake amewekwa namba kumi na tisa. Nikaangalia fomu alizojaza mwenyewe na kosa nikaliona papo hapo. Warundi hawarithishi jina la ukoo, kila mtoto hupewa lake mwenyewe, kwa hiyo hao mapacha walikuwa na majina mawili yasiyofanana hata herufi. Na pale fomu ilipouliza kama mtoto ni pacha, aliacha patupu. "Si wamezaliwa siku moja na wanakaa nyumba moja?" akaniuliza. "Mimi nilifikiri mashine ina akili."

Jumatatu nikaenda naye ofisini, na barua niliyoiandika mwenyewe, barua nzuri jamani, hadi leo najivunia. Mama wa ofisi, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, aliisoma mara mbili akashangaa. Sasa kama majina hayafanani, akauliza, mnajuaje mtoto ni wa nani? Nikatafsiri. Baba Mapacha akafikiri kidogo. "Mwambie," akasema, "mimi nilikuwepo." Yule mama alicheka hadi akavua miwani. Akatazama vyeti vya kuzaliwa, akabofya hapa na pale, akawaunganisha wale watoto kwenye mashine. Tukatoka tukipongezana. Nilijisikia kama wakili aliyeshinda kesi kubwa.

Mganga hajigangi. Mimi ninayewasomea wenzangu kila mstari wa kila fomu, sikusoma mstari mmoja uliokuwa chini kabisa ya fomu ile: pacha mmoja akichaguliwa, mwenzake hupandishwa hadi kichwani mwa orodha ya kusubiri. Kesho yake nilifungua simu kuangalia namba ya mwanangu, kama nilivyofanya kila asubuhi, nikakuta namba mbili. Mwaka ule, kwa bahati ambayo sijaielewa hadi leo, ilihama familia moja tu. Nafasi moja ikapatikana, doto akaingia, orodha ikafungwa. Kwa mkono wangu mwenyewe, kwa barua yangu nzuri, nilikuwa nimemtoa mwanangu shuleni!

Nyinyi wasomaji wa siku nyingi mnakumbuka nilichofanya, maana nilikifanya hapa hapa, kwenye ukurasa huu. Niliandika safu yenye moto. Nilisema binti yangu amenyang'anywa kiti. Nilisema mapacha wanaingia kwenye bahati nasibu na tikiti mbili, kwamba yeyote kati yao akishinda anamvuta mwenzake, na mtoto aliyezaliwa peke yake ana tikiti moja tu na hana wa kumvuta. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na bado naitetea. Sikutaja mtu. Lakini jengo letu lina majirani wenye macho, na safu ile ilisomwa hadi chumba cha kufulia nguo.

Siku ya pili mlango ukagongwa. Nilikuta Baba Mapacha amesimama, kavaa suti ya misa, na mabinti zake wawili pembeni, nywele zimesukwa upya. Mkononi alikuwa na barua ya shule, imekunjwa vizuri mno. Hakukaa. "Dada, nimesoma," akasema. "Sikujua kiti kilikuwa cha mwanao. Nimekuja kukirudisha." Yule doto, mfupi kuliko mwenzake, alikuwa akiangalia viatu vyake, na dada yake amemshika mkono wa gauni kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Nitawaambia ukweli ambao sijawahi kuuandika: nilitaka kuichukua ile barua. Mkono wangu uliinuka. Nilimtaka mwanangu asome pale kuliko nilivyotaka kuwa mtu mwema.

Aliyeniokoa ni binti yangu mwenyewe. Alitoka chumbani kwake na soksi tu miguuni, hajui lolote, akawaona wasichana wa rika lake mlangoni, akawauliza kama wanataka kuona sungura wake. Wakaenda wote watatu. Tukabaki wazee wawili tumesimama na barua katikati yetu, huku kicheko kikitoka chumbani. Doto ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote. "Sasa?" akaniuliza Baba Mapacha. Nikamwambia aikunje barua yake na akae, ninaweka chai.

Kwenye chai ile ndipo tulipogombana vizuri, kwa adabu. Nilitegemea atatetea tikiti mbili. Wapi! Alikubaliana na mimi. Kwa maoni yake mapacha wangepewa karatasi moja yenye majina mawili, wakipata wapate wote, wakikosa wakose wote. "Kukosa si msiba," alisema. "Kugawanywa ndio msiba. Mimi ningewarudisha wote wawili nyumbani, wakaenda shule ya jirani wakacheka." Nikamwuliza, sasa karatasi yenye majina mawili ikitoka na kiti kimebaki kimoja, mashine ifanye nini? Iwaruke? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji yanachemka vipi. "Hotelini kwetu mgeni akija na mtoto mmoja zaidi, hatumfukuzi. Stoo kuna kitanda cha kukunja. Tunaleta." Nilimweleza kuhusu sheria za zimamoto, idadi ya wanafunzi kwa mwalimu, na mambo mengine ambayo mtu aliyesoma hujificha nyuma yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akamimina chai nyingine. "Sawa, Dada. Lakini stoo kuna kitanda."

Kabla hajaondoka alinieleza desturi ya kwao: ukimpa pacha mmoja kitu, lazima na mwenzake umpe, vinginevyo nyumba haitulii. Na mtoto aliyewapisha mapacha njia, akaongeza, huyo anahesabiwa pamoja nao. Huo mwisho sijui kama ni desturi au aliutunga pale pale, na Warundi niliowauliza wananijibu kwa kucheka. Lakini tangu siku ile vyote vilivyotoka kwake vilikuja vitatu vitatu. Sambusa tatu. Mikoba mitatu. Mapacha walipotimiza miaka kumi na miwili keki ilikuwa na majina matatu, na binti yangu, aliyezaliwa mwezi mwingine kabisa, alipuliza mishumaa yao na baadaye ya kwake. Kila majira ya baridi zilikuja sweta tatu, na mwaka huu alichagua rangi ya chungwa inayokuumiza macho. Binti yangu aliapa hataivaa mbele ya watu. Anasoma shule ya jirani, anafanya vizuri, na Jumamosi mapacha humletea makaratasi ya maabara wakasoma pamoja mezani kwangu. Mimi hununua biskuti na kujifanya sisikilizi.

Basi tukafika kwenye mazishi. Kanisa lilijaa hadi mlangoni: madobi wenzake wa hotelini, kina mama wa shuka za maegesho, Wakongo, Watanzania, na sisi Wakenya tuliochelewa kama kawaida yetu. Mbele palikuwa na benchi moja la familia, na mhudumu mmoja aliyekaza uso akilinda asikae mwingine. Mimi na binti yangu tulisimama nyuma kabisa. Nilikuwa nimemwambia avae nguo nyeusi, na chini ya koti alivaa. Alipovua koti ndipo nikaona amefungia kiunoni ile sweta ya rangi ya chungwa. Nikafungua mdomo nimkemee. Kisha nikatazama mbele nikaona nyingine mbili, zinawaka kama taa za barabarani katikati ya weusi wote ule.

Kwaya ilikuwa bado haijaanza. Doto aligeuka, akatutafuta kwa macho, akatuona. Akainuka, akatoka kwa mlango wa pembeni unaoelekea ukumbini, watu wakafikiri kazidiwa na uchungu. Alirudi amebeba kiti cha kukunja cha chuma, kinagonga magoti yake kila hatua. Akakifungua mwishoni mwa benchi la familia, akampungia mkono binti yangu. Mhudumu akainama kusema jambo, na kurwa akamjibu kwa Kiingereza chao cha Texas, kwa sauti ambayo hata sisi wa nyuma tuliisikia, kwamba huyu ni wetu. Mhudumu akasogea. Binti yangu akapita katikati ya kanisa lote, akavaa sweta yake akiwa anatembea, akaketi.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Hesabu za bahati nasibu nitaendelea kubishana nazo, maana mtoto wa pekee naye ana haki, na mashine haina macho ya kuona nani kamshika nani mkono. Lakini nimejifunza kwa dobi mmoja kwamba kabla hatujauliza kiti ni cha nani, mmoja wetu aende stoo akaangalie. Na kwako wewe msomaji uliyekuwa nami miaka mitatu iliyopita, nina deni la kurekebisha. Niliandika hapa kwamba binti yangu alinyang'anywa kiti. Sentensi ile naomba uifute.