Mtungi Nyuma ya Mlango

Nilipokuwa na miaka minane, robine ya mtaa wetu hapa Uvira ilitoa maji siku mbili tu kwa juma, na Koko, mama mzaa mama, aliyaonea uchungu kuliko chumvi. Maji yaliyoosha maharage yaliosha sahani, kisha miguu yangu, kisha yakamwagwa kwenye mboga za lengalenga nyuma ya nyumba. Nikitaka kuoga mara mbili, aliniuliza kama nimeolewa na gavana.

Mtungi mmoja tu haukuguswa. Mama alipopanda boti kwenda Kalemie kuuza vitenge, Koko aliujaza, akaufunika kwa kitambaa, akauweka nyuma ya mlango.

"Ile ni maji ya mama yako," aliniambia. "Mutu akiwa mu safari, maji yake isikauke ku nyumba. Ikikauka, njia itamusahau."

Kila Jumamosi aliyabadilisha. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, salamu za mama zikakoma.

Ndipo robine ikakauka juma zima. Nilirudi kutoka shule na jua la saa saba, Koko yuko kwenye foleni ya maji mtaa wa pili, bidoni za maji zilizobaki nyumbani zote tupu. Nikafunua kitambaa. Nikanywa kikombe kimoja, nikaapa basi, nikanywa cha pili. Yalikuwa baridi, matamu. Nilikuja kushtuka kikombe kinakwaruza udongo.

Nilikimbilia ziwani, tulikokatazwa kuchota kwa sababu ya kolera, nikaujaza upya. Jumamosi Koko aliyamwaga kwenye lengalenga bila kuyaonja.

Mama hakurudi. Wenzangu wakicheza, mimi nilikaa Kalundu bandarini nikihesabu abiria wanaoshuka. Nilijua nani kaikata njia yake. Koko alizikwa sijamwambia, na sikuwa na mwingine wa kumwambia.

Nikiwa mtu mzima nilimfuata mama Kalemie. Nilimkuta kwenye meza yake ya vitenge, ana mume na watoto watatu. Hata sijakaa vizuri, nikaungama.

"Maji gani?" aliuliza. Kisha akainamisha macho. "Minye nilienda na nguo zangu zote, mwanangu. Weye haukuona?"

Nilidhani nitashusha pumzi. Badala yake nililia hadi wanawe wakaja kunichungulia. Miaka yote ile, kosa likiwa langu, mama yangu alikuwa bado yuko barabarani, ananitafuta. Kumbe hakuwahi kuwa njiani.

Mtungi wa Koko ninao mimi sasa. Robine ya kwangu nayo inakata, na majirani wakija na vikombe vyao ninawagawia maji yote ya nyumba, isipokuwa yaliyo nyuma ya mlango.