Jagi la Msimamizi wa Mitaro

Msimamizi wa ujenzi wa mitaro ya barabara mpya mtaani kwetu hatembei bila jagi lake la plastiki, la kijani, lililokatika mkono. Kipande cha mtaro kikishakauka, mama huyu huchuchumaa, humimina maji taratibu, kisha huyakodolea macho. Yakisita hata kidogo, hugonga saruji kwa kidole kilichokakamaa: "Vunjeni." Siku moja injinia alimjia juu, kompyuta kifuani. "Mama, vipimo viko sawa kabisa!" Yule mama akamjazia jagi, akampa. "Basi yaambie maji, mwanangu." Injinia akamimina. Maji yakatuama palepale miguuni pake. Zikavunjwa mita sita.

Juzi ikaja mvua, ile ya kung'oa mabati. Sisi wa bondeni tunaijua kazi yake, kwa hiyo tulishapandisha watoto mezani na gunia la unga kabatini. Nikachungulia dirishani. Nikamwona yule mama kando ya barabara mpya, viatu mkononi, kalowa chapachapa, anayafuata maji mtaroni kutoka sokoni kuelekea mtoni, anayaswaga kama mbuzi: "Haya, twende! Twende!" Nayo yakaenda, mbio, wala hayakugeuka kuitazama milango yetu. Mvua ilipokatika, sakafu yetu ilikuwa kavu, na vumbi lake juu. Mama yangu akaiangalia sana, kisha akakiangalia kitanda chake, kilichokaa juu ya matofali miaka kumi na mmoja.

"Wanangu," akasema, "njooni mkishushe."