Kitana cha Maua ya Altare

Kitana ninachotaka kukieleza hakijawahi kugusa nywele za mtu. Ni kipande cha risasi, ile ya kuzamishia nyavu, cha mviringo, upana wake kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Juu yake imesimama misumari midogo iliyokaribiana, ncha zikitazama juu. Unakiweka chini kabisa ya bakuli la maua, unamimina maji mpaka misumari izame, halafu unachoma kila shina pale unapotaka lisimame. Linasimama kweli. Hata ukilipiga kikumbo na kiwiko wakati unapita, linatikisika kidogo na kurudi mahali pake. Wapambaji wa kumbi za harusi hapa Mwanza wakikiona hucheka na kuuliza kama ni mtego wa panya. Mimi siwezi kukicheka tena, na sababu yake hainipendezi hata kidogo.

Kilitengenezwa na mume wa mama mmoja aliyepamba altare ya kanisa letu la Igogo tangu mimi sijaanza shule. Mzee huyo alikuwa fundi wa nyavu pale ufukweni. Aliyeyusha chubwi za nyavu zilizochakaa, akapanga misumari vichwa chini ndani ya kifuniko, akamimina risasi ya moto, ikaganda. Mkewe alikuwa amechoka kuona maua yakiangukia upande mmoja wakati wa misa. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu mchanga wa ziwani, kokoto, hata waya wa banda la kuku alioukunja na kuusokomeza ndani ya chombo. Hakuna kilichomridhisha kama kitana.

Waumini walimwita Mama wa Maua. Bustani yake ilikuwa nyumbani kwake Mkolani, katikati ya mawe makubwa, na kila Jumamosi alikata maua kabla jua halijatoka, akayaweka kwenye ndoo, akaja nayo kwa bajaji huku ameishika ndoo moja katikati ya magoti. Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kumsaidia kwa sababu ya vitambaa vya altare, nikajikuta nimehamia kwenye maua, na kwa miaka sita alinifundisha bila kuficha kitu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kupata ukungu. Alichoma mashina kwenye kitana kwa kupapasa, kidole gumba kikitangulia, na sikumbuki hata mara moja ambayo ua lake lilikaa vibaya.

Lakini mimi ni mtu wa kupenda kuonekana, bora niseme mwenyewe kabla hajasema mwingine. Simuni mwangu nilikuwa nikitazama picha za mapambo ya Dar, maua yamemwagika kutoka kwenye vyombo vyake kama mteremko, mengine yakitazama chini, mengine yakienda pembeni. Kitana hakiwezi hayo. Kitana kinataka shina lililosimama. Nikajua kwamba wenzetu wanatumia sponji ya kijani, ile ngumu inayokatika kwa kisu kama sabuni ya mche, unaiwekea maji na kuchoma maua upande wowote unaotaka. Nikaipata kwenye duka la mapambo huko mjini Nyamagana. Dada wa dukani alinielekeza taratibu kabisa: iweke juu ya maji, iache izame yenyewe, usiisukume kwa mkono, maana ukiisukuma inalowa nje tu na ndani inabaki kavu. Nikamjibu nimeelewa. Nilielewa kweli, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Nilisubiri siku kubwa ya kuitumia, na siku kubwa ikaja: Jumapili ya Kipaimara, Askofu mwenyewe akiwa mgeni wetu.

Wiki hiyo mabomba ya Igogo yalikuwa hayatoi maji. Ziwa tunaliona kutoka mlangoni mwa kanisa, maji mpaka macho yanachoka, na sisi huku tunagawana ndoo. Jumamosi mchana nilikuwa na ndoo moja na nusu ya kazi yote ya maua. Mama alifika na waridi jekundu na mayungiyungi meupe, mazuri ajabu, akatoa kitana kwenye kabati la sakristia, akakipangusa kwa upindo wa kitenge chake.

"Leo tukiache, mama," nikamwambia. "Askofu anakuja. Nimeleta kitu cha kisasa."

Akaipapasa ile sponji, akainusa. "Hiki kinakunywa maji?"

"Kinakunywa kuliko ng'ombe, mama."

"Haya, mwanangu. Kipe kishibe." Akarudisha kitana kabatini, akaenda kukaa benchi la mbele, kwa sababu jicho lilikuwa linamuuma.

Sikukipa kikashiba. Vipande vilikuwa vinane na maji yalikuwa kidogo, hayafiki hata nusu ya kina kilichotakiwa. Kuzama kwenyewe kulikuwa kwa pole, na mimi nilikuwa na gauni la mteja linanisubiri kwenye cherehani. Nikavikandamiza kwa viganja viwili, kama unavyozamisha nguo kwenye beseni la kufulia. Mapovu machache yakatoka, vikageuka rangi, vikawa kijani cha kukoza. Nikajiambia vimelowa. Nikamalizia kwa kuvimwagia kikombe kimoja kimoja juu. Ningeweza kumwomba mama maji ya ndoo zake, lakini ningelazimika kumweleza kwa nini, na mimi ndiye niliyekuwa nimejifanya mjuzi.

Mapambo yalipokamilika, watu waliokuwa wakifagia kanisa waliacha mifagio wakaja kupiga picha. Mama aliyatazama kwa jicho lake zuri, akasema, "Yamependeza." Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Misa ilianza saa nne asubuhi. Askofu alipofika katikati ya mahubiri niliona ua la kwanza likiinama. Waridi likikosa maji hulegea shingo, kichwa kinaning'inia, na kuanzia hapo hakuna dawa. Likafuata la pili. Watoto walipoanza kwenda mmoja mmoja kupakwa mafuta, altare nzima ilikuwa imesinzia, na hata mayungiyungi yalikuwa yamekunjamana pembezoni. Kabla sijatoka kanisani, kwenye kundi letu la WhatsApp la jumuiya kulikuwa na picha, na chini yake mtu ameandika: *Maua ya mama leo yamefunga novena, yanasali vichwa chini.* Vikatuni vya kucheka vikafuata kama mvua.

Angalia hapo. Maua ya mama. Hakuna aliyeandika maua yangu, ingawa jana yake sifa zote nilikuwa nimezipokea mimi.

Mama alinikuta nje, karibu na ngazi. Hakuwa na simu ya picha, lakini alikuwa ameona mwenyewe. "Labda nilikata jua limeshatoka," akasema. "Siku hizi sioni vizuri alfajiri. Labda nilidhani bado."

"Huenda, mama," nikasema.

Neno lenyewe dogo. Limekaa kifuani mwangu kuliko maneno yote niliyowahi kumtukania mtu.

Jumatatu nilikwenda peke yangu kuondoa maua. Nikavunja kipande kimoja cha sponji kwa mikono. Nje palikuwa na kijani cha kukoza, unene wa kidole. Ndani kote palikuwa pakavu, vumbi tupu, na ncha za mashina zilikuwa zimechoma ndani ya vumbi hilo. Nikavunja vyote vinane nikitumaini angalau kimoja kitanitetea. Havikunitetea. Nikavitupa kwenye shimo la taka nyuma ya kanisa, nikavifunika kwa majani, nikanawa mikono kwa maji ambayo sikuwa nayo Jumamosi.

Kamati ya liturujia ilikaa wiki hiyohiyo. Mama hakuwepo. Mwenyekiti aliongea kwa upole sana, na upole huo ndio uliomaliza kila kitu: mama ametumikia muda mrefu, macho yamechoka, si vizuri kumwachia mzigo, tumpumzishe kwa heshima. Kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwa naye. Maua aliyakata saa ngapi?"

"Sijui," nikajibu. "Alikuja nayo yakiwa yameshakatwa."

Kila neno hapo ni la kweli. Ukiyapima moja moja hutapata uongo. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaandika uamuzi, na kazi ya mama wakanipa mimi. Jumapili iliyofuata tulimwita mbele, tukampa doti ya kitenge na beseni, vigelegele vikapigwa. Unadhani nani alitumwa kumvika kile kitenge mabegani? Nilimvika. Nilinusa sabuni kwenye nguo zake, na yeye akaninong'oneza, "Kitana kiko kabatini, mwanangu. Kitunze."

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kupamba kwa sifa. Sponji niliipa maji mpaka ishibe, kila mara, nikisimama juu ya beseni na kuitazama inavyozama taratibu. Haikuhitaji hata dakika mbili. Kila Jumamosi nilihesabu muda huo na kujiambia, ni huu tu, ni huu tu nilioshindwa kuutoa. Mama alihama benchi la mbele akawa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nami nikajifunza kutokea mlango wa pembeni. Tukikutana ana kwa ana nilimwamkia shikamoo haraka haraka na kujifanya nina haraka zaidi. Maua yake hayakuja tena kanisani. Sikuuliza kwa nini. Nilinunua ya sokoni.

Zilipita mvua mbili. Jumamosi moja sponji iliniishia na duka lilikuwa limefungwa, nikafungua chini kabisa ya kabati la sakristia kutafuta chochote. Kitana kilikuwa pale, kimefungwa ndani ya kipande cha khanga. Alikuwa amekipaka mafuta ya kula, msumari mmoja baada ya mwingine, kisipate kutu, kabla ya kuniachia. Hakuna hata msumari mmoja ulioshika kutu. Nilikaa sakafuni nikalia, kisha nikajikasirikia kwa kulia, maana aliyestahili kulia si mimi.

Siku ileile nilikibeba mpaka Mkolani.

Nilipita kwenye yale mawe makubwa nikitafuta wekundu wa waridi ninaoujua. Palikuwa na matuta. Matuta mazuri yaliyonyooka, yamejaa matembele, kuanzia ukuta wa jikoni mpaka kwenye jiwe la mwisho. Mama alikuwa ameinama akipalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Umepotea." Akaniletea kigoda. Aliona nimetazama matuta. "Maua niliyang'oa," akasema. "Mtu asiyejua tena saa ya kukata, bustani ya maua ya nini? Matembele hayana saa."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalinitoka. Nikafungua ile khanga, nikaweka kitana mapajani mwake, nikasema, "Mama, ile sponji haikushiba. Niliikandamiza. Maua yako hayakuwa na kosa."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, nikasikia mchi ukipanda na kushuka muda mrefu. Mama akanyoosha viganja vyake vyenye udongo, akavitazama, akivisogeza karibu na jicho zuri.

"Kwa hiyo nilikata kabla ya jua," akasema.

"Ulikata kabla ya jua, mama."

"Na ulijua lini?"

"Jumatatu yake."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikamwambia nitasimama mbele ya kamati niseme yote. Baadaye nilisimama kweli, na mwenyekiti akasema hayo yamepita, tuendelee na ajenda inayofuata. Kwao yamepita. Lakini mchana ule, mama hakuonekana hata kuisikia hiyo habari ya kamati. Alikuwa anatazama matuta.

"Lile waridi jekundu," akasema, "mume wangu alilitoa Ukerewe, kitawi kimoja, amekifunga kwa gazeti bichi. Alikishika mkononi ndani ya meli mpaka hapa. Hakutaka kukiweka chini." Akapitisha kidole gumba juu ya misumari, polepole. "Ungeniambia kabla sijang'oa."

Nikasema nitamtafutia waridi jingine, nitazunguka Mwanza nzima. Aliendelea kupapasa misumari, na nilijua nimesema upuuzi.

Nilipoaga, alisimama, akaenda kwenye tuta la katikati, pale pale waridi lilipokuwa. Akachuma matembele, fungu kubwa, akalifunga kwa jani la mgomba na kuninyooshea. "Hutoki kwangu mikono mitupu," akasema, bila kunitazama usoni.

Nikapiga goti, nikayapokea kwa mikono miwili.