Karatasi Isiyotupika

Bi Rukaiya binti Mwinshehe alikuwa jirani yangu pale Mtoni, Temeke, ukuta kwa ukuta, na kama haya nitakayosema yataonekana ni sifa tupu, basi na yawe sifa. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na nimeona watu wengi wakikosea. Wanaokosea mbele za watu, kisha wakasimama palepale na kusema "Ni mimi niliyekosea", hao wanahesabika. Yeye alikuwa mmoja wao.

Kazi yake ilikuwa viungo vya pilau. Alikaanga bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, akavitwanga kwenye kinu uani, akachekecha, akatwanga tena. Siku ya kutwanga majirani wote tulipiga chafya. Miaka ile ya shida, tulipokuwa tukipanga foleni ya sukari na sabuni, viungo vyake havikukosekana, wala hakuna aliyeuliza vimefungwa kwenye nini. Vilifungwa kwenye gazeti. Ukifika nyumbani unavimimina kwenye kikopo, gazeti unawashia jiko. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba ndogo na kinu hicho, na kwa kinu hicho alijilisha na kujivika bila kumwomba mtu.

Kisha zikaja zama za ruksa. Maduka ya Tandika yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa vitu vya kung'aa. Kufikia mwaka wa tisini na mbili kulikuwa na pakiti ya viungo kutoka nje, nyekundu, yenye picha ya mwanamke mzuri aliyevaa hereni ndefu, anatabasamu juu ya sinia la wali. Jina lililoandikwa hatukuweza kulitamka. Tuliiita Hereni. Unamwambia mwenye duka, "Nipe Hereni moja," naye anakupa.

Ladha yake ilikuwa vumbi lenye chumvi. Nasema hivyo leo, na hata wakati ule tulisema hivyohivyo huku tunanunua. Maana Hereni haikununuliwa kwa ajili ya sufuria peke yake. Ikiisha, pakiti yake ilipangwa kwenye kabati la vioo sebuleni, karibu na kopo la maziwa ya kigeni na boksi la biskuti, vyote vitupu, ili mgeni akikaa kwenye kochi avione. Mgeni huwezi kumwonyesha gazeti. Nilikuwa na majirani wenye akili timamu kabisa waliokula pilau isiyo na ladha ili tu wapate pakiti ya kupanga. Tulikuwa tunanunua kwa macho, na ulimi ukavumilia.

Biashara ya Bi Rukaiya ikadorora. Ndipo kaka yake, Mzee Mfaume, akaja kutoka Utete. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa tatizo. Alisema dada yake hawezi kuhangaika na mchi katika umri ule. Angerudi na gari la kukodi mwishoni mwa Ramadhani, na kama hali ingekuwa bado hiyo, nyumba ingepangishwa, naye dada yake angekwenda kusali Idi Utete, akae huko moja kwa moja, apumzike.

"Kwa kaka nitakula," Bi Rukaiya aliniambia jioni ile, "tena nitakula vizuri. Lakini Mwalimu, nitakula huku naangaliwa. Mie nataka mlango wangu."

Alisema hivyo tu, akaendelea kuchambua iliki. Kesho yake alikwenda mjini na vipuli vyake vya dhahabu masikioni, akarudi bila vipuli. Aliviuza ili ashindane na mwanamke wa hereni. Nilimtania kwa hilo naye akacheka, lakini siku nzima alikuwa akijishika ndewe za masikio.

Vipuli viligeuka karatasi. Mchapaji wa Gerezani alimletea maboksi ya pakiti za kijani zenye ukingo wa rangi ya dhahabu, picha ya kinu katikati, na juu kabisa, kwa herufi za Kiarabu zilizopindwa kwa ustadi, Bismillahi Rahmani Rahim. Hilo la juu lilikuwa wazo lake mwenyewe. Kila alipoinua mchi alianza na Bismillahi, akaona si vibaya na pakiti nayo ianze hivyo.

Zilikuwa nzuri, jamani. Watu walitoka hadi Mbagala kuja kuziona. Viungo vilikuwa vilevile na mkono uleule, lakini sasa wanawake walizipokea kwa mikono miwili. Najma wa nyumba ya jirani, aliyekuwa akitangaza kila mahali kwamba viungo vya Bi Rukaiya vimepungua ukali, alinunua za kujaza kikapu. "Sasa hivi ndo viungo," alisema, hata kabla ya kufungua pakiti. Ilinijia kumwuliza amejuaje, nikajizuia kwa sababu Bi Rukaiya alikuwa na furaha.

Kisha wakaacha kununua. Ramadhani ikaingia, mwezi ambao kila nyumba inapika, na barazani kwake hakuna mtu. Walimsalimia vizuri, wakamwuliza hali, wakapita. Bi Rukaiya alipika kwa viungo vyake akaniletea nionje, akiniomba nimwambie ukweli. Havikuwa na kasoro yoyote. Nikamwona anaanza kukunja mashuka yake mazuri na kuyatia sandukuni, na moyo ukaniuma.

Najma ndiye aliyenifuata nyumbani, na wenzake wawili nyuma yake, wamejitanda khanga mpaka puani.

"Mwalimu, sie tuna ishu. Utusaidie kumwambia Bi Rukaiya."

"Nimwambie nini?"

"Zile pakiti zake. Hazitupiki."

Wakanieleza huku wakitazamana. Pakiti ikiisha, unaifanya nini? Ina jina la Mungu. Huwezi kuitupa jalalani kuku waipekue. Huwezi kuwashia jiko. Ukiipanga kabatini mtoto anaivuta, inaanguka, inakanyagwa. Najma alizificha zake chini ya godoro, halafu akakosa usingizi kwa kuona amelalia maneno matukufu, akazihamishia juu ya kabati. Sasa juu ya kabati nako kumejaa, na kila futari inaongeza nyingine. Wameona nafuu wasinunue.

"Kwa nini hamkumwambia wenyewe?"

"Tumwambieje?" alisema Najma. "Tuseme jina la Mwenyezi Mungu linatusumbua? Wewe Mkristo. Kwako haitakuwa kitu."

Nilikasirika. Mwanamke anakunja mashuka, na wao wamekaa kimya eti kwa adabu. Niliwaambia hivyo kwa sauti ya darasani, kisha nikavaa kandambili nikaenda.

Bi Rukaiya alinisikiliza mpaka mwisho. Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akafunika mdomo kwa khanga. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anaomba msamaha kwa Mola wake, kwa sauti ya chini, mara nyingi.

"Nilitaka baraka," alisema, "nikawatia watu hofu jikoni mwao."

Nikampa ushauri wa mtu mwenye akili: anyamaze, atafute namna ya kuchapisha nyingine, watu watasahau.

"Hawatasahau, Mwalimu. Wamenisitiri mie nisione aibu. Na mie nikijificha, nitakuwa nimewaachia ule mzigo juu ya makabati yao."

Alikwenda kwa Maalim Anwar wa madrasa, naye akamwelekeza: zikusanywe, zichomwe mahali safi, majivu yafukiwe. Jumamosi akachukua kikapu kipya, akatandika kitambaa cheupe, akaanza kuingia nyumba kwa nyumba, na mimi nikamfuata. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Nimekuja kuchukua karatasi zangu. Nilikosea. Nisameheni." Hakumtaja mchapaji, wala hakusema alikuwa na nia njema. Nawajua wafanyabiashara wakubwa wa mjini ambao wangefunga duka kabla ya kutamka neno moja kati ya hayo.

Karatasi zikatolewa. Zilikuwa juu ya makabati, ndani ya mifuko ya misahafu, kwenye bahasha, nyumba moja nyuma ya picha ya Makka. Zote zilikuwa zimefutwa vumbi na kukunjuliwa, hazina doa. Bi Rukaiya alikuwa ameamini kwamba wamemtupa. Na kila nyumba, kikapu kikishafunikwa, mwenye nyumba aliuliza, "Sasa viungo vyenyewe hukuja navyo?" Tulipotoka kwa Najma, Bi Rukaiya alilia njiani, mchana kweupe, nami nikalia naye.

Yakabaki maboksi ya pakiti ambazo hazijatumika. Vipuli vingine vya kuuza havikuwepo. Akachukua mkasi akakata sehemu ya juu yenye maneno matukufu, akaiweka kikapuni pamoja na zile nyingine, na pakiti iliyobaki akaijaza viungo. Ilikuwa fupi, imekwenda upande, ukingo wa dhahabu umeondoka. Nilimwambia wazi kwamba hiyo hakuna atakayeipanga kabatini.

"Si ya kabatini," alinijibu. "Waitupe kwa raha zao."

Kesho yake asubuhi Najma alikuja na mkasi wake. Alikaa mkekani akavuta boksi. Wakafuata wengine, kila mmoja na mkasi wa kwake, na mkasi wa kukatia vitambaa wa fundi cherehani ukaja pia. Zilikuwa zimebaki siku chache Idi iingie, na wateja walikuwa wamesimama nje wakisubiri pakiti zitoke mikononi mwetu.

Tukiwa katika hali hiyo gari la kukodi likasimama mlangoni, akashuka Mzee Mfaume. Aliona wanawake wamejaa barazani hadi uani, kikapu chenye kitambaa cheupe kikiwa katikati.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Kuna kazi, kaka," alisema Bi Rukaiya. "Karibu, pita."

Pa kupita hapakuwepo. Mzee Mfaume akatazama sanduku lililokuwa tayari mlangoni, akamtazama dada yake, ambaye hakuinua uso, alikuwa anapima pa kukata. Sote tulijua amefuata nini. Akageuka akarudi kwenye gari. Nilijua anakwenda kumwita dereva aje abebe sanduku.

Alizungumza naye kidogo dirishani, na gari likaondoka tupu. Kisha akarudi, akavua viatu, akajibana pembeni ya mkeka karibu na dada yake.

"Mkasi mwingine upo?" aliuliza.

Bi Rukaiya akampa wa kwake.