Miti ya Sebuleni

Nilianza na kokwa la parachichi. Kwenye simu kulikuwa na dada mmoja wa Ulaya, kucha ndefu, analichoma kokwa vijiti vitatu vya meno, analikalisha juu ya glasi ya maji, na eti baada ya wiki kadhaa unakuwa na bustani ndani ya nyumba. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, karani wa masijala hapa Bariadi, mwenye kiwanja kizima cha udongo mweusi nje ya mlango, nikaenda kulima kwenye glasi. Hongera zangu.

Lilipoota, sikushikika. Nikapanda kichwa cha nanasi kwenye ndoo ya rangi, vitako vya vitunguu kwenye makopo, na kiazi kitamu kwenye chupa, kikatambaa mpaka kwenye pazia. Mume nilishamzika miaka mingi iliyopita, watoto wakaenda chuo, nyumba ikapoa. Sasa angalau kulikuwa na vitu vya kusalimia nikirudi kazini. Msinicheke, wengine mnaongea na televisheni.

Asiyeona raha ni mama. Alianguka kwake Migato akaumia nyonga, nikamleta mjini atibiwe. Akapona. Sikumrudisha. Kila asubuhi, kabla sijamaliza kumwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mayu", ananiuliza, "Unanipeleka lini kwangu?" Najibu, "Wiki ijayo." Wiki hiyo ijayo ilishafikisha miezi saba. Ofisini wananisifu: binti wa kuigwa, anamuuguza mama yake! Sifa zote nilizipokea, sikurudisha hata moja.

Siku moja narudi, sebule tupu. Hakuna kopo, hakuna ndoo. Mama, huyo huyo niliyekuwa nawaambia watu hawezi hata kujichotea maji, alikuwa amebeba mimea yangu mmoja mmoja, na fimbo yake mkononi, akaenda kuipanda kando ya uzio. Mbuzi wa jirani walishamaliza kazi. Parachichi lilibaki kijiti.

"Mayu! Umefanya nini?"

"Nimekuokoa," akasema, ametulia kabisa. "Mti hauoti ndani ya nyumba ya mtu aliye hai. Kwetu tukiona majani yameota ndani, tunajua wenye mji wameisha, hayo ni mahame. Miezi yote hii nakaa humu najiuliza, kati yetu nani kafa?"

"Ni mapambo, Mayu! Mapambo! Dunia nzima wanafanya!"

"Basi dunia nzima imekwisha."

Nilifoka mpaka jirani akazima redio yake asikie vizuri. Mama akaningoja nimalize. Kisha akauliza taratibu, "Na kwangu? Mlango umefungwa tangu siku ile. Huko nani anang'oa majani?"

Niliona aibu, tena aibu ya kweli.

Jumamosi tulikuwa Migato. Upepo ulikuwa umeezua bati moja, mvua nayo haikufanya ajizi: katikati ya jiko palisimama mbarika unaonifika kiunoni, na chumbani majani yameingia mpaka chini ya kitanda. Mama alisimama mlangoni, machozi yakamtoka. Nikasema niwaite majirani waje wafyeke. Akanikabidhi fimbo, akainama, akaanza kung'oa. Nikabaki nimeshika fimbo kama zuzu, halafu na mimi nikainama.

Jioni chumba kilikuwa safi, na gari la mwisho la kurudi mjini lilikuwa limesimama barabarani. Nikasema, "Haya Mayu, twende tusiachwe."

"Twende wapi? Mimi nimefika."

Nikaanza hotuba yangu: umri, nyonga, upweke, nani atamwangalia. Alinisikiliza yote, mikono bado ina udongo.

"Baba yako alipokufa nilijifunza kulala peke yangu," akasema. "Wewe wako alipokufa hukujifunza, ndiyo maana ukanifungia kwako. Nenda, mwanangu. Na kama unaogopa kwenda, sema."

Gari likapiga honi. Nikampungia dereva mkono aende.