Mlango wa Karantini

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi hakunipa hata ufagio. "Simama, sikiliza wanavyokohoa," aliniambia. Kituo kilikuwa nje ya mji wa Kibiti, tumbili wakifugwa kwa uchunguzi wa dawa. Tumbili mjanja, huficha ugonjwa. Ukimwona amejikunyata, kamasi zinamtoka, umeshachelewa.

Bi Mwanahawa, mhudumu mwenzangu, ndiye aliyenifunza kazi yenyewe. Tumbili wageni hukaa karantini, banda la pembeni, mwezi mzima, na anayewalisha hakanyagi mabanda mengine. Vijana wa leo mnaona huo ni usumbufu.

Miaka ikapita, akaja Meneja mpya, mtu wa tai na haraka. Tumbili kutoka Ngarambe walikuwa na siku nne tu karantini alipotaka niwahamishie banda kubwa, kwa sababu wakubwa wanakuja kukagua.

"Bosi, wawili wanakohoa."

"Vumbi la njiani hilo. Fungua mlango."

Nikafungua, nikawahamisha. Masika ilikuwa imeanza, nasi kwa huruma yetu ya kijinga tukateremsha maturubai pande zote za banda kubwa, kama watu wanavyofunika vifaranga. Hewa ikasimama, na wote wakavuta pumzi ileile.

Wiki ya pili tulikuwa tunazoa mizoga. Daktari wa mifugo alipasua mmoja, akatuonyesha mapafu yaliyokuwa magumu kama ini. Nimonia ya bakteria, alisema, huenezwa kwa kikohozi, hata mtu aweza kuwaambukiza.

Meneja akalidaka hilo. Juma lile Bi Mwanahawa alikuwa na mafua.

"Mama, ugonjwa umeuleta wewe," alimwambia mbele yetu sote. Kisha akanigeukia. "Au wewe una la kusema?"

Nilikuwa nimebakiza miezi minane kustaafu.

"Sina, bosi."

Bi Mwanahawa akafukuzwa siku ileile. Mimi niliagwa kwa pilau na hotuba, nikaitwa mtumishi mwaminifu. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Mwaka jana nilimkuta Bi Mwanahawa kijijini Nyamwage, anauza mihogo ya kukaanga kando ya barabara kuu. Nikajikaza.

"Dada, nisamehe. Wale wagonjwa niliwahamisha mimi."

"Najua, kaka. Nilikuwa nyuma yako na ndoo."

"Mbona hukunitaja?"

Akageuza mihogo kwenye karai, hakuniangalia.

"Ningekutaja, tungefukuzwa sote. Nikaona mmoja atosha."