Sailensa ya Thadeus

Mungu alimpa Thadeus wa Ronge sauti ya kifaranga, kisha akamwacha akue nayo. Akiomba kanisani, waliokaa safu ya pili walidhani amenyamaza. Akitoa neno kwenye kikao cha ukoo, mtu alisimama katikati ya neno lake akaanza lake, wala si kwa dharau. Hakujua tu kwamba kuna mtu anaongea. Ndiyo maana siku moja, mwaka wa hamsini na nne, sailensa ya lori lake, kile kifaa cha kumeza mlio wa injini, ilipong'oka kwenye mawe na kubaki njiani, Thadeus hakushuka kuiokota. Lori lilinguruma, milima ikaitikia, wanawake wakaacha majembe wakamtazama. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na ndiyo kwanza anasikika.

Lori lenyewe lilikuwa la Miraj, mwenye duka pale Voi. Lilipandisha sukari na mafuta ya taa milimani, likateremsha kabichi hadi stesheni. Thadeus alimwendea fundi Musyimi, aliyekuwa na karakana nyuma ya duka hilo, akaomba bomba la moshi likatwe fupi zaidi, liishie chini ya mlango wake.

"Likipumua vizuri, linapanda vizuri," alieleza.

Musyimi alijua huo ni uongo, lakini msumeno ulikuwa mkononi tayari, naye alipenda sana kukata vitu.

Kwa miaka miwili milima ilikoma. Kuku waliacha kutaga, au ndivyo walivyodai wenye kuku. Mwishowe afisa mmoja wa serikali kule Wundanyi, ambaye alizoea kujilaza kidogo baada ya chakula cha mchana, akamwita Thadeus ofisini. Akilisikia lori lile tena, alisema, leseni ya udereva itabaki pale mezani. Thadeus akajitetea kwa maneno mengi na mazuri. Afisa akamwangalia.

"Sema kwa sauti, bwana."

Basi Musyimi akatengeneza sailensa ya kukata na shoka: kipande cha bomba nene, ndani kimejazwa vibati vilivyotobolewa matundu. Lori likawa linanyata. Thadeus aliondoka Voi amenuna, akapita Mwatate amenuna, na hakuna hata mbuzi aliyegeuka. Jioni alipofika mteremko wa mwisho wa kuingia Ronge aliliacha liteleze lenyewe, kwa sababu hata kukanyaga mafuta hakukuwa na raha tena.

Nyumbani kwake kulikuwa na nyimbo, tena si za kanisani. Akasukuma mlango. Nusu ya wanaume wa kijiji walikuwa wamebanana kwenye benchi lake, vibuyu mikononi, harufu ya pombe ya miwa imejaa hadi darini, na mkewe Gertrude, katibu wa umoja wa akina mama, anamimina. Katikati yao alikuwa Zephaniah, mzee wa kanisa, amefumba macho, anaiga mlio wa lori kwa midomo huku wenzake wakifa kwa kicheko.

Hapo Thadeus akaelewa. Ule mlio aliodhani unawatoa watu nje kwa heshima, miaka yote miwili ulikuwa unawatoa kwa mlango wa nyuma.

"Hodi," alisema.

Safari hii walimsikia wote.

"Tunamwombea mgonjwa," alisema Zephaniah, kibuyu kikitafuta pa kujificha.

"Mgonjwa gani?"

"Bado hajaugua, ndugu yangu. Tumeona tumuwahi."

Wakatoka mbio, wengine kwa dirisha ingawa mlango ulikuwa wazi. Thadeus alingoja Gertrude amwombe msamaha. Badala yake mama huyo akatupa kata chini, akaangua kilio.

"Unaingia kama mwizi, Baba Mable! Kila siku nakusikia tangu ile kona ya jabali, nasema haya, bado yuko hai, naweka sufuria. Leo nimetega masikio mpaka yakauma. Kimya! Nikajua umetumbukia korongoni na hilo lori."

"Na bado ukawa unawauzia pombe?"

"Ulitaka wakulilie makoo yakiwa makavu?"

Thadeus akaketi. Hasira alikuwa nayo, nyingi tu, na alikuwa ameipanga vizuri. Lakini maishani mwake hakuwahi kuambiwa kwamba kuna mtu anayekaa akimsikiliza, tena kila siku, tena akiwa bado mbali. Jambo hilo lilimshinda nguvu. Alijikuta anapangusa macho kwa kofia yake, na habari ya pombe hakuigusa tena.

Hata hivyo, leseni ni leseni. Kesho yake Musyimi alimwekea kilango kwenye bomba, mbele ya sailensa. Kikifungwa, moshi unapita ndani kwa adabu. Ukivuta waya ulio kando ya usukani, unatoka moja kwa moja na fujo zake zote. Lori likapita mbele ya ofisi za Wundanyi kimyakimya, na afisa akalala usingizi wake.

Jioni, kwenye kona ya jabali, Thadeus akavuta waya. Ronge nzima ikajua. Akalisimamisha lori palepale, injini inanguruma, akawasha sigara, akaivuta polepole hadi mwisho ili wazee wamalize walichomiminiwa wasije wakapaliwa. Ndipo akateremka.

Alimkuta Gertrude mlangoni, peke yake, sufuria iko motoni. Benchi lilikuwa bado na joto. Thadeus akalikalia, akaomba ugali.